Mama Yenu Aanze Dawa

Wanangu, mmekuja kwangu kwa sababu tembe hizi za levodopa nilizianza kabla ya mama yenu. Mmesikia huko Nanyuki kwamba levodopa ikitumika miaka mingi inauchosha mwili, mkaona heri ngoja-ngoja mpaka ugonjwa wa Parkinson umlemee. Nakataa.

Madaktari waliwahi kuwalinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Italia, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Waghana walikuwa wamechelewa kupata dawa, kwa wastani miaka 4 hivi tangu ugonjwa uanze. Waitalia walikuwa wameianza mapema zaidi. Hata hivyo, ile hali ya viungo kujinyonganyonga vyenyewe ilianza kwa pande zote mbili ugonjwa ukiwa na umri unaokaribiana. Kuchelewa hakukumwepusha mtu. Kinachouleta mchezo huo zaidi ni ugonjwa kukomaa, pamoja na ukubwa wa dozi.

Yatakayokuja yajueni mapema. Mwanzoni ubongo bado una tangi lake: ukipokea dawa asubuhi unaitumia polepole. Miaka ikienda tangi linapasuka, na kidonge kinaisha nguvu kabla saa ya kingine haijafika. Mama yenu atakuwa anatembea vizuri, kisha ghafla miguu inaganda mlangoni. Msiseme anadeka. Andikeni saa aliyomeza, saa aliyoganda na saa aliyojinyonganyonga, mumpelekee daktari karatasi hiyo. Kwa daktari ina faida kuliko maelezo marefu.

Sasa chakula, na hapa Doldol ndipo penye kazi. Sisi tumelelewa kwa maziwa na nyama, na protini yake hugombania njia moja na levodopa, tumboni na hata kwenye ubongo. Kidonge kimezwe kwa maji, nusu saa au zaidi kabla ya kula. Chai ya maziwa ingoje. Lakini msimnyime nyama akakonda. Akiona inamsumbua mchana, aile jioni.

Dawa isimwishie. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta homa kali na mwili kukakamaa, na watu wamekufa hivyo. Kiangazi mkihama na ng'ombe, tembe za kutosha ziwe zimenunuliwa kabla hamjaondoka. Akitapika, msimpe Plasil. Inapingana na dawa yake. Na akiinuka kitandani aketi kwanza, maana presha hushuka.

Liko jambo ambalo wazee wenzangu hulisema kwa aibu. Zipo tembe za jamii nyingine, kama pramipexole, ambazo humtia mtu tamaa asiyoiweza: kamari, kununua-nunua, hata mambo ya chumbani. Mzee asiyewahi kubeti maishani anaweza kumaliza pesa za mbuzi kwenye simu usiku mmoja, naye mtamwita mpotevu. Kabla hamjamkalisha kikao cha ukoo, ulizeni anameza nini. Daktari akipunguza au kubadilisha, tamaa hiyo mara nyingi hutulia. Mama yenu akipewa hizo, mwambieni waziwazi siku ya kwanza, kisha mmoja wenu aangalie M-Pesa pamoja naye, kwa ridhaa yake.

Usiku akiongea na watu msiowaona, msikimbilie kusema amerogwa. Huenda ni dozi, huenda ni ugonjwa wenyewe, au ana maambukizi ya mkojo. Kukicha, mpelekeni hospitali Nanyuki, na mfuko wa dawa zake zote mkononi.