Siku ya 7 ya Ramadhani: Deni la futari na kiroba cha matembele



Ndugu zangu waumini, mama zangu na dada zangu mnaosoma hapa kabla ya kuingia jikoni, Alhamdulillah tumefika siku ya saba. Leo sitazungumzia tarawehe wala khitma. Nataka tuzungumze kuhusu futari, na hasa pesa ya futari inatoka wapi.

Wiki hii ya kwanza nimepokea ujumbe wa sauti kutoka kwa zaidi ya mtu mmoja, na swali ni lile lile. Ustadhi, nimekopa kwa wale wa kausha damu ili watoto wafuturu vizuri, marejesho ni kila siku, je, funga yangu ipo? Jibu ni kwamba funga yako ni sahihi, mkopo haubatilishi saumu. Lakini riba ni riba, na Ramadhani haiihalalishi hata kama ulichonunua ni tende na tambi. Aliyekwisha ingia humo asikae na aibu yake peke yake. Aje baada ya Alfajiri au anitumie ujumbe, tuone namna ya kutoka. Msikiti una watu, na watu wana vifua vya kuficha siri.

Sasa tujiulize jambo moja kwa utulivu. Huu ni mwezi wa kupunguza kula. Mchana kutwa tumbo halina kitu. Inakuwaje basi ndio mwezi ambao pesa ya chakula inatushinda zaidi kuliko miezi mingine yote? Sehemu moja ni bei, hilo halina ubishi: nazi inapanda, muhogo unapanda, ndizi mzuzu hazishikiki, magimbi ndiyo usiseme. Wafanyabiashara wetu wana darsa yao, inakuja wiki ijayo, wajiandae. Lakini sehemu nyingine ni sisi wenyewe. Meza ya futari imekuwa na sahani saba za watu watano. Kuna uji, kuna tambi, kuna maharage ya nazi, kuna viazi vitamu, kuna chapati, kuna kachori, kuna juisi mbili. Mtu anakunywa uji na tende tatu, ameshiba, anakimbilia Magharibi. Asubuhi vile vyenye nazi vimechacha vinamwagwa. Yaani deni limeingia ndani ya ndoo ya taka.

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa katika Sala yake akiomba kinga kwa Mwenyezi Mungu dhidi ya madhambi na dhidi ya deni. Bi Aisha (r.a.) ndiye anayetusimulia, imo katika Bukhari. Akaulizwa kwa nini anaikimbia sana hali ya kudaiwa. Akaeleza kuwa mtu akishazama kwenye deni, akizungumza husema uongo, na akiahidi huvunja ahadi. Hebu angalieni mitaa yetu. Mama anasikia hodi ya wakusanyaji, anamwambia mtoto kawaambie mama hayupo. Mtoto huyo huyo jioni tunamleta madrasa tumfundishe ukweli.

Nataka niwakumbushe kisa cha Salman al-Farisi (r.a.), kwa sababu wengi tunakijua kwa ajili ya handaki la Madina tu. Kabla ya hapo Salman alikuwa mtumwa. Alikosa Badr, akakosa Uhud, kwa sababu mwili wake ulikuwa mali ya mtu. Mtume (s.a.w.) akamshauri aandikiane na bwana wake mkataba wa kujikomboa. Bwana yule akataka mitende 300 ipandwe na iote, pamoja na wakia 40 za dhahabu. Salman atazitoa wapi? Mtume (s.a.w.) akawaambia masahaba wamsaidie ndugu yao. Huyu akaleta miche 30, yule 20, mwingine 15, mwingine 10, kila mtu kwa uwezo wake, mpaka ikatimia 300. Salman akaambiwa achimbe mashimo, na akimaliza aje aseme. Akachimba na wenzake wakamsaidia. Kisha Mtume (s.a.w.) akaja akaiweka ile miche ardhini kwa mkono wake mtukufu. Kisa hiki kimo katika Musnad ya Imam Ahmad.

Tazama jamii ya Waislamu ilivyofanya. Mtu yuko chini ya mzigo, na kitu cha kwanza walichomchangia ni miche. Hawakumwita mvivu, hawakumwambia avumilie tu. Na aliyechangia kumi hakuambiwa zako ni chache.

Sisi hapa hatuna mitende, na sitaki mtu aanze kunitafutia mbegu ya tende. Tuna marando ya matembele. Tuna mchicha. Tuna pingili za muhogo zinazotupwa baada ya kung'oa, na kisamvu chake ni mboga ya watu wenye heshima zao. Mchicha ukimwagwa leo siku ya saba, wiki ya tatu au ya nne unaanza kuchuma, kwa maana hiyo Idi itakukuta na mboga mlangoni. Na masika yako njiani, mvua zikianza hata kumwagilia unapunguziwa.

Najua jibu la wengi: Ustadhi, mimi nimepanga chumba na sebule, eneo langu ni kibaraza. Sawa. Chukua kiroba kilichoisha mchele. Changanya udongo sehemu mbili na samadi iliyooza vizuri sehemu moja. Katikati ya kiroba simamisha kopo la maziwa lililotobolewa juu na chini, lijaze kokoto, pembeni jaza udongo wako, halafu livute kopo lipande juu, ujaze tena kokoto, hivyo hivyo mpaka kiroba kijae. Ile nguzo ya kokoto ndiyo njia ya maji kushuka mpaka chini. Toboa matundu pembeni, chomeka marando yenye urefu wa shibiri moja au zaidi kidogo, vifundo viwili vitatu viingie ndani ya udongo. Juu mwaga mchicha. Kiroba kimoja hakilishi nyumba kila siku, tusidanganyane. Viroba vitatu vinne, ukichuma kwa zamu, ukaacha vichipukizi vikaendelea, mboga ya siku kadhaa za wiki unayo. Tuseme fungu la mboga ni shilingi 500, na wewe huchukua mafungu mawili. Ukiokoa siku 15 katika mwezi ni shilingi 15,000. Kwa mwenye marejesho ya kila siku, hiyo si pesa ndogo.

Maji? Hapa napenda sana. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji na akioga kwa pishi mpaka mudi tano, na hili lipo kwa Bukhari na Muslim. Wazee wetu wa pwani walikuwa na vipimo hivyo hivyo, kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja. Kibaba cha maji hakifiki lita. Sasa nendeni mkatazame mabomba yetu kabla ya Isha. Mtu anapiga stori na jirani, bomba liko wazi, anaosha mguu mmoja kwa ndoo nzima. Nyumbani tawadhia juu ya beseni, yale maji ukayamwage kwenye kiroba. Hayana sabuni, mmea unayapenda. Kwa madhehebu yetu ya Shafi maji yaliyokwisha tumika kwenye udhu wa faradhi hayafai tena kutawadhia, lakini ni tohara, hayana neno kwa mboga. Ila tuelewane: maji ya msikiti ni wakfu, usije na madumu kuchota ya kumwagilia kwako.

Tena kuna swali huwa linaulizwa kwa kunong'ona. Samadi ni najisi, je, mboga iliyooteshwa nayo inaliwa? Inaliwa. Mmea wenyewe ni tohara hata kama umeota kwenye samadi, kinachotakiwa ni kuosha pale ilipogusa. Na wewe uliyeshika samadi osha mikono na ubadilishe nguo kabla ya kusimama kwenye Sala. Asiache mtu kulima kwa kuogopa najisi, halafu asiogope riba!

Wanaume, msifurahi mapema. Asije mtu kesho asubuhi akaacha kutoa pesa ya matumizi akasema Ustadhi kasema mke alime. Nafaka na mboga ya nyumba ni wajibu wa mume, na mke akipanda mchicha wake kwa jasho lake, ule ni wake. Akikupikia ni wema amekufanyia, useme asante. Ukitaka kushiriki, kabebe udongo.

Ndani jikoni kuna mengi mama zangu mnayajua kunishinda, nitaje mawili tu. Maharage yakilowekwa tangu usiku yanakula mkaa kidogo. Na kabla ya kutia tui, toa kiasi cha daku uweke pembeni, kwa sababu chenye nazi kinachacha upesi na kisicho na nazi kinavumilia. Kiporo ni daku nzuri kabisa. Bi Aisha (r.a.) alisimulia kuwa ilikuwa ikiandama miezi na moto haujawashwa katika nyumba za Mtume (s.a.w.), wakiishi kwa tende na maji, na majirani wa Kiansari wakiwapelekea maziwa. Hiyo ndiyo nyumba bora kuliko zote, na sisi tunaona aibu ya kiporo.

Lakini ngojeni, kuna mtu hapa ameshaanza kufurahi kwa sababu nyingine. Bahili. Yeye darsa hii kwake imekuwa sikukuu. Huyo akafungue Suratul Israai, aya ya 26 na ya 27. Aya inaanza kwa kuamrisha kumpa jamaa wa karibu haki yake, na maskini na msafiri, ndipo inakataza ubadhirifu na kuwafananisha wabadhirifu na ndugu wa mashetani. Kisha aya ya 29 inakataza mkono kufungwa shingoni kama inavyokataza kuukunjua wote. Kwa hiyo kilichobaki kwa kubana matumizi kina wenyewe. Ukipunguza sahani saba zikawa tatu, ya nne ivuke ukuta iende kwa jirani mjane.

Na kiroba chako hivyo hivyo. Kwa madhehebu yetu mbogamboga hazina zaka, zaka ya mazao iko kwenye vyakula vikuu vinavyohifadhika, pamoja na tende na zabibu. Mchicha wako hauna zaka lakini una sadaka, tena sadaka inayoandikwa hata ukiwa umelala. Katika Sahihi Muslim, Mtume (s.a.w.) aliingia kwenye shamba la mitende la mwanamke mmoja wa Kiansari, akamuuliza aliyeipanda, kisha akabainisha kuwa Muislamu akipanda kitu, kikaliwa na mtu au mnyama, kwake ni sadaka. Katika mapokezi mengine humo humo, hata kilichoibwa ni sadaka. Kuku wa jirani akiparua kiroba chako, kabla hujapandisha sauti, kumbuka hilo. Baadaye ongea naye kwa upole kuhusu banda.

Jambo la mwisho ni mbegu. Nabii Yusuf (a.s.), alipofasiri ndoto ya mfalme, aliwaelekeza walime miaka saba, mavuno wayaache katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kula, na hata katika ile miaka saba ya njaa kuna kidogo cha kuhifadhiwa kisiliwe. Wafasiri wengi wanasema hicho kidogo ni mbegu. Basi kwenye kila kiroba acha shina mbili za mchicha zisichumwe, zipande juu zitoe mbegu, uzikaushe kivulini na kuzitunza kwenye karatasi. Ukipanda tena hutanunua.

Sasa kazi. Jumamosi baada ya Alasiri, nyuma ya madrasa, mwenye marando ayalete, mwenye samadi ailete kwenye mfuko uliofungwa (tafadhali isipitishwe kwenye zulia), mwenye viroba vitupu avilete. Watoto wa darasa la juu watachimba udongo na kujaza. Mashimo ni kazi ya vijana wa safu ya nyuma, wale wanaokimbia witri. Kuna nyumba sita zitakazopewa viroba vilivyokwisha pandwa, majina ninayo mimi na hakuna atakayeyatangaza. Vitapelekwa usiku baada ya tarawehe. Na mwenye deni la kausha damu, nilishasema, aje baada ya Alfajiri, mlango wa pembeni unakuwa wazi mpaka saa moja na nusu.

Ewe Mola wetu, tunajilinda Kwako na madhambi na deni. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.