Saa ya Bandia: Je, Kunyamaza ni Kusema Uongo?



Imetufikia katika darasa yetu barua ya kijana mmoja, mzaliwa wa Mombasa, ambaye riziki yake imempeleka Kiganjo katika kaunti ya Nyeri. Mas'ala aliyoyauliza yaonekana madogo, na baadhi ya wenzetu walipoyasikia walicheka. Lakini kila tulipoyazungusha tuliona kwamba yatugusa sisi sote, wenye saa na wasio na saa. Kwa hivyo tumeazimia kuyatolea jawabu hapa, kwa ruhusa yake mwenyewe na bila ya kumtaja jina.

Kiganjo, kwa asiyeijua, ni mji mdogo ulio chini ya Mlima Kenya, penye reli iendayo Nanyuki, na watu wengi waujua kwa ajili ya chuo cha polisi kilichoko huko. Ni mahali pa baridi, na kwa mtu wa pwani usiku wake ni mrefu. Kijana wetu asema kwamba akisha kusali Isha hana baraza ya kukaa wala ufuo wa kwenda kupunga upepo. Basi akajitafutia kazi ya mikono ya kumshughulisha: akaanza kukusanya saa za mkononi, kuzifungua na kuzigeuza.

Saa ya kwanza aliinunua Nairobi kwa mchuuzi wa njiani. Usoni imeandikwa Rolex, nayo haikutoka kwa Rolex. Alijua kuwa ni bandia, na mchuuzi hakumficha. Aliifungua, akaitazama mashine yake, akaifunga tena, ikaenda, moyo wake ukafurahi. Akanunua ya pili na ya tatu, akawa abadilisha nyuso, akrabu na mikanda, hata meza yake ikajaa.

Mpaka hapo mambo yalikuwa baina yake na meza yake. Kisha akaenda kuposa. Siku ya kukutana na wazee wa binti, ami yake binti alimshika mkono, akaitazama ile saa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baadaye aliwaambia jamaa zake kwamba kijana huyu Mungu amemjaalia. Kijana aliyasikia maneno hayo, naye hakusema neno. Sasa atuuliza: "Maalim, mimi sikumwambia mtu yeyote kwamba saa ile ni ya kweli. Je, nimesema uongo? Na mchezo wangu huu, je, ni jambo la kuacha?"

Jawabu yetu ni kwamba yafaa kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya: kuiga umbo, kuchukua jina la mwengine, na kunyamaza mbele ya mtu anayedanganyika.

Ama kuiga umbo, hilo peke yake si kosa. Fundi seremala huiga mlango wa fundi aliyemtangulia, na mshoni wa kofia huiga ua aliloliona kwenye kofia ya mwenziwe. Lau kuiga kungekuwa ni wizi pasingekuwa na ufundi duniani. Saa ya kupigia mbizi iliyotolewa na Rolex mwaka 1953, iitwayo Submariner, imeigwa umbo lake na viwanda vingi, na vingi katika hivyo huandika usoni majina yao wenyewe. Mwenye kuivaa saa kama hiyo hakumdanganya mtu.

Tena kuna mfano mkubwa kuliko saa. Kenya ilitunga mwaka 2008 sheria ya kupiga vita bidhaa ghushi. Watu watatu wenye kuishi na virusi vya Ukimwi walikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi, wakihofia kwamba maneno ya sheria ile yaweza kuzizuia dawa za bei nafuu, zile zenye nguvu ya dawa asili lakini zisizochukua jina lake. Tarehe 20 Aprili 2012 mahakama iliwapa haki, ikaona kwamba sheria haikuzipambanua vya kutosha dawa hizo na dawa za ghushi, na kwamba maisha ya watu yalikuwa hatarini kwa kuchanganya huko. Zingatia, ndugu msomaji: dawa mbili, zote mbili ni za kuigiza. Moja yasema kweli juu ya nafsi yake na huponya watu. Ya pili huvaa jina lisilo lake, na mgonjwa hajui anakunywa nini. Tofauti yao imo katika ushahidi ambao kila moja yatoa juu ya nafsi yake.

Na kazi ya mikono yenyewe ni jambo la kusifiwa. Kujua wakati ni katika mambo yetu, kwa kuwa sala zina nyakati zake. Misikiti mikubwa ya zamani ilikuwa na mtu wake wa kuhesabu wakati, akiitwa muwaqqit. Ibn al-Shatir, aliyekuwa muwaqqit wa Msikiti wa Bani Umayya huko Damascus, aliutengenezea msikiti ule saa ya jua mwaka 1371. Na kabla yake al-Jazari alikamilisha mwaka 1206 kitabu chake cha vyombo vya ufundi, na ndani yake mna saa za maji za ajabu. Basi kijana wa leo akiinamia mashine ndogo kwa lenzi, akataka kujua kamani yasukuma nini na gurudumu lipi lazunguka kwa lipi, twamwambia: endelea, wala usione haya.

Sasa twaingia katika jambo la pili, nalo ni jina. Jina la fundi ni amana. Lilipatikana kwa miaka ya kazi, na mwenye kuliona huliamini bila ya kuifungua saa. Kijana wetu ameandika hoja kwamba kampuni ile ni tajiri, iko mbali Uswisi, na saa yake moja ya bandia haiipunguzii kitu. Jawabu ni kuwa haki haiondoki kwa sababu mwenyewe ni tajiri. Tena anayedhurika kwanza huenda asiwe tajiri wa Uswisi; huenda akawa ni ami wa binti, aliyeliamini jina akajenga juu yake rai yake. Na sheria ile ya 2008 yawaelekea khasa wenye kuzifanyia biashara bidhaa hizo: atakayepatikana na hatia mara ya kwanza aweza kufungwa hadi miaka 5, au kutozwa faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja ya vitu vyenyewe. Kijana asema, "Mimi siuzi." Ni kweli, lakini aliyemuuzia aliuza, na bila ya mnunuzi hapana muuzaji. Na zaidi ya hayo, sheria ya dola yaweka mpaka wa chini tu. Si kila jambo ambalo askari hatakushika kwalo ni jambo jema.

Hoja yake ya pili ina nguvu zaidi. Asema: "Kila mtu ajua kwamba saa hizi za njiani ni bandia. Uongo ambao kila mtu aujua si uongo." Twakubali kwamba neno hili lina ukweli ndani yake, na ushahidi wake uko mikononi mwetu kila siku. Akrabu fupi ya saa ikiwa juu ya 7 asubuhi, sisi twasema ni saa moja, kwa sababu twahesabu tangu macheo. Uso wa saa wasema saba na ulimi wetu wasema moja, na hapana mtu hata mmoja anayedanganyika. Mtoto hufunzwa hivyo, mgeni huambiwa hivyo, na mapatano hayo ni ya wote. Kwa hivyo kutofautiana kwa kilichoandikwa na kilivyo si lazima kuwe uongo.

Lakini iangalie vizuri tofauti iliyoko. Katika hesabu yetu ya saa, hapana apataye faida kwa mwenziwe kutojua. Lau kesho walimwengu wote wangeijua saa ya Kiswahili, tungezidi kufurahi. Ama saa ya bandia yenye jina kubwa, utamu wake watoka kwa yule mmoja asiyejua. Mjaribu mwenye nayo kwa suali hili: lau kila utakayekutana naye angeijua saa yako ni ya namna gani, je, ungeivaa vilevile? Akisema ndiyo, basi yeye apenda umbo lake na mashine yake, na jina hana haja nalo, na alifute. Akisita, basi kule kusita ndiyo jawabu, wala haina haja ya fatwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo la tatu, la kunyamaza. Bwana Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikakuta umaji. Muuzaji hakuwa amesema neno. Hakutangaza kwamba nafaka yake ni kavu. Aliiacha ile iliyo juu imsemee. Na Mtume alimlaumu kwa sababu hiyo, akamuuliza mbona hakuiweka ile yenye maji juu ili watu waione. Katika khabari nyingine, iliyopokewa kwa Bibi Asma binti Abubakar, mwanamke alitaka kujionyesha mbele ya mke mwenziwe kwamba mume amempa kitu ambacho hakumpa, na Mtume akamfananisha mwenye kufanya hivyo na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Basi uongo wawezekana kuvaliwa kama nguo, na mdomo ukabaki umefungwa.

Wala asidhani mtu kwamba saa iliyotoka kiwandani kwa haki haiwezi kusema uongo. Jamaa zetu walioko Oman wajua kwamba Sultani Qaboos bin Said, aliyetawala tangu 1970 hata alipofariki 2020, alikuwa akitoa saa za zawadi zilizotiwa alama ya khanjari usoni, na miongoni mwake zilikuwamo Rolex. Leo saa hizo zatafutwa kwa bei kubwa, na mwenye kukusanya huambiwa azichunguze kwa hadhari, kwani alama yaweza kutiwa baadaye juu ya saa isiyotoka kwa Sultani. Mashine ni ya kweli, jina ni la kweli, lakini khabari inayosimuliwa na uso wake ni ya uongo. Na kinyume chake, saa ya bei nafuu isiyo na jina kubwa, ikiwa yaenda sawasawa na yasema ilivyo, hiyo ni saa amini.

Basi kwa kijana wetu, na kwa kila atakaye kuanza kazi hii ya mikono, nasaha yetu ni hii. Ziache nyuso zenye majina ya watu. Anza na mashine ya Kijapani iitwayo NH35, ambayo Seiko huwauzia mafundi na viwanda vyengine: hupiga mara 21,600 kwa saa, yaani mara 6 kwa kila sekunde, na ikisha kujazwa huenda kiasi cha saa 41. Nunua bisibisi ndogo nzuri, kibano, lenzi, kifaa cha kung'olea akrabu, na puto la mpira la kupulizia vumbi. Usiuguse uso wa saa kwa kidole. Ukirudisha akrabu, zungusha mashine mpaka tarehe igeuke, kisha zitie zote zikielekea 12, ili tarehe isije ikageuka adhuhuri. Usibadilishe tarehe kwa haraka baina ya saa tatu usiku na saa tisa usiku, kwa kuwa wakati huo meno ya tarehe yameshikana na huvunjika. Na saa uliyoifungua usiiamini majini mpaka mpira wake ukaguliwe na ipimwe, kwani mtu wa udhu hakosi maji. Usoni acha patupu, au tia jina lako mwenyewe. Watu wakisifu, watakuwa wamekisifu kitu kilichopo.

Ama ile saa ya kwanza, tulimwandikia kwamba si lazima aivunje. Na aifute jina, aiweke mezani ajifunzie. Lakini lililo lazima ni jengine, nalo ni zito kuliko kuvunja saa: amwendee ami wa binti amwambie kweli, kabla ya posa kujibiwa, maana ndoa haifai kusimamishwa juu ya dhana ambayo mmoja ajua kuwa si kweli.

Ametuandikia tena. Alikwenda Nyeri siku ya Ijumaa, akamngoja mzee baada ya sala, akamweleza yote. Asema kwamba mzee alinyamaza kwa muda, kisha akaomba aonyeshwe ndani ya saa. Kijana akaifungua palepale barazani kwa kifaa alichokuwa nacho, mzee akaitazama ile mashine ikipiga, akauliza, "Hii waweza kuifungua yote na kuirudisha?" Akajibu, "Naam, ami, naweza." Mzee akaondoka bila ya kuongeza neno. Hata twaandika haya, posa haijajibiwa.

Sisi hatujui itajibiwaje. Tujualo ni kwamba jawabu itakayokuja, ya ndiyo au ya siyo, itamhusu yeye mwenyewe, wala haitahusu saa yake. Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie ndani yetu na nje yetu kuwa kitu kimoja. Amin.