Dekonti ya Mume na Deni la Mke Aliyeachwa

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mtu ametumika miaka 28 katika kompanyi, siku za pansiyo zimefika, naye anamwacha mke wake. Je, mke ana fungu katika ile feza?

Wengi hujibu upesi: dini haichanganyi mali ya mume na ya mke, apewe nafaka ya eda, aende kwao. Neno la kwanza ni kweli. Sura An-Nisaa, aya ya 32, yaeleza kwamba mwanamume ana fungu katika alichokichuma. Lakini aya hiyo hiyo yamtaja mwanamke na alichokichuma yeye, na hapo watu hufunga msahafu.

Tutazame jambo tunalolijua hapa Katanga. Mwaka 2003 na 2004 Gécamines iliwaondoa watumikaji zaidi ya 10,000, kwa mpango uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Wengi walikuwa wanadai mishahara ya miezi na miezi. Miezi ile nyumba zilikula nini? Mama alishika jembe, aliuza makala, aliuza unga kwa kopo sokoni. Watoto wakala bukari na sombe, minervali ikalipwa. Kisha dekonti ikatoka kwa jina la baba peke yake.

Katika madhehebu yetu ya Shafii, chakula, mavazi na makao ya mke ni juu ya mume, hata mke akiwa tajiri. Mume akikosa, na mke akavumilia, nafaka yake haipotei. Yabaki deni mpaka ilipwe, ao mke asamehe kwa hiari yake. Na feza aliyomkopesha mume ni deni kama deni la duka. Basi mshahara wa nyuma unapolipwa, unakuja pamoja na mwenye kuudai. Talaka haifuti deni hilo, wala haifuti mahari iliyobaki.

Sisemi kwamba kila pansiyo ikatwe nusu kwa nusu. Kwa fikihi yetu sioni njia hiyo. Serikali ina njia yake: Kode ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, huwaweka waliooana bila kuchagua utaratibu wa mali katika ushirika wa vilivyochumwa ndani ya ndoa. Mama anayekwenda tribinali asiitwe kafiri. Hata huko Maroko, karne ya 16, mwanachuoni Ibn Ardun (yeye alikuwa Maliki) alitoa fatwa kwamba mwanamke aliyelima pamoja na mumewe ana fungu lake la mavuno wakiachana.

Tena kuna kitulizo, Al-Baqara aya ya 241. Aya ya 236 yapima kitulizo kwa uwezo wa mume. Wengine hutoa kitenge kimoja. Kitenge kimoja, naye ana dekonti mfukoni!

Mwenye jambo hili alete karatasi ya dekonti mbele ya wazee. Miezi isiyolipwa ihesabiwe mmoja mmoja, mama aseme alichotoa, majirani wa sokoni waitwe. Palipo na shaka, wafanye sulhu. Nayo ifanywe ndani ya eda, wakati mama yungali nyumbani kama Sura At-Talaq inavyoamuru, maana feza ya dekonti haikai.

Wallahu aalamu.