Jumanne: Damu Moja, Darasa Moja

Soma Matendo 17:26. Paulo anatufundisha nini kuhusu asili ya mataifa yote?

Juu ya fungu hili John G. Fee alianzisha shule ndogo huko Berea, Kentucky, Marekani, mwaka 1855. Baadaye weusi na weupe walisoma pamoja chuoni hapo. Mwaka 1904 sheria ya jimbo ikakataza jambo hilo, na wanafunzi weusi hawakurudi hadi 1950. Leo wanafunzi hawalipi ada ya masomo, na kila mmoja hufanya kazi angalau saa 10 kwa juma.

Sheria iliwaondoa watu darasani, lakini haikulifuta fungu. Je, ni nani asiyezuiwa na sheria yoyote, ila bado hajapata kiti katika kundi lenu?