Nyimbo Zisizo na Chemko

Mjomba wangu alikuwa na santuri ndogo, zile za mizunguko 45, zipatazo mia tatu, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda chake Magomeni. Kando yake kulikuwa na kaseti alizorekodi redioni enzi za RTD, nyingine utepe umelegea mpaka uuzungushe kwa kalamu ya Bic ndipo zikubali kuimba. Miaka miwili nilizihamishia kwenye kompyuta, jioni baada ya kazi. Nikijumlisha na zangu nilizookota kwa watu kwa flashi, diski ya nje ilifika nyimbo elfu tisa na ushei. Ilikuwa vurugu tupu.

Tuchukue NUTA Jazz tu. Bendi ya mwaka 1964, ya chama cha wafanyakazi. Chama kikibadili jina, nayo inabadili: JUWATA, kisha OTTU, hadi leo tunaiita Msondo Ngoma. Kwangu hizo zilikuwa folda nne, na ukiongeza makosa ya walioandika “Nutta” na “Juwatta”, zikafika kumi na moja. Mbaraka Mwinshehe naye yuko Morogoro Jazz, yuko Super Volcano, na kwingine yuko peke yake, jina la baba limetangulia. Ukitaka kumsikiliza, unamtafuta kama mtoto aliyepotelea Kariakoo.

Usiku mmoja wa Jumamosi nikapakua programu ya kupanga nyimbo. Inasoma lebo iliyomo ndani ya kila faili, inabadili jina la faili lifuate lebo hiyo, inatengeneza folda, halafu inafuta pacha. Kulikuwa na kitufe cha kukuonyesha kwanza itakachofanya. Sikukigusa, ilikuwa saa sita usiku na nilikuwa na hamu ya kuona usafi. Ikaniuliza ni pacha wa namna gani. Nikajibu: msanii mmoja, jina moja, urefu usiopishana zaidi ya nusu dakika. Zifutwe kabisa au ziwekwe kwenye pipa? Diski ilikuwa inakaribia kujaa. Kabisa. Nikalala.

Asubuhi wasanii walikuwa wamejipanga kama wanafunzi mstarini. Pacha 1,140 zimeondoka. Nilijiona fundi.

Wiki iliyofuata mjomba akaja. Nikamwamkia, nikamketisha, nikamwekea wimbo aliokuwa akiutaja kila mara. Ukaanza polepole, mwimbaji analalamikia ndoa, tarumbeta zinamjibu. Mjomba kafumba macho, kidole kinagonga mkono wa kiti. Gita la solo likaanza kuita, naye akavuta miguu ili ainuke. Kimya. Ukaingia wimbo mwingine.

“Mbona umekata?”

“Sijakata, mjomba. Umeisha.”

“Haujaisha. Geuza.”

Neno hilo moja likanitoa jasho. Upande mmoja wa santuri ile hubeba dakika tatu, nne hivi, na wimbo wa dansi haukai humo wote. Kwa hiyo waliukata: kisa kinaimbwa upande wa kwanza, chemko, pale pa kuinuka na kucheza, linakuja upande wa pili. Mimi nilirekodi kila upande faili yake, mwishoni mwa jina nikaandika “sehemu ya 1” na “sehemu ya 2”. Lakini programu niliyorekodia ilikuwa ya kizamani. Iliandika lebo za ID3 ya kwanza kabisa, ya mwaka 1996, inayotenga herufi 30 tu kwa jina la wimbo, nafasi zikihesabiwa. Wimbo wenye jina refu ulizila zote, “sehemu ya 2” ikabaki nje. Jina kamili lilikuwa kwenye faili, na hilo ndilo nililoamuru libadilishwe lifuate lebo. Mashine haikukosea hata mara moja. Niliiambia hawa ni pacha, ikaniamini.

Nikaenda kwa fundi. Swali lake la kwanza: “Tangu siku ile, umeingiza kitu kingine humu?” Nilikuwa nimeingiza kaseti arobaini. Faili iliyofutwa haiondoki papo hapo. Chumba chake hutangazwa kitupu tu, na yenyewe inabaki humo mpaka aje mpangaji mwingine. Mimi nilileta wapangaji wiki nzima. Alirudisha faili mia tatu hivi, zote zimevaa namba badala ya majina, na baadhi zinakatika katikati na kuwa wimbo wa watu wengine.

Utaniuliza, na santuri zenyewe? Hapo ndipo naona aibu kusema. Nilimshauri mjomba auze sanduku zima kwa mkusanyaji mmoja aliyekuwa akipita, kwa sababu “zote zimo kwenye kompyuta”.

Sasa nina diski mbili, moja inalala kwa dada yangu Tanga. Folda za NUTA na JUWATA nimeziacha na majina yake, maana jina la bendi ndilo linaloniambia wimbo ni wa zama gani. Neno Msondo nimeliongeza kwenye sehemu ya maelezo, ili nikilitafuta zije zote. Na nina daftari la karatasi.

Jumapili mjomba huja, tunasikiliza namba. Chemko bila kisa ni gita na tarumbeta tu, hakuna anayetaja jina. Nyingi anatikisa kichwa: “Hili lilinipita.” Mwezi jana faili 0212 ilipopiga sekunde tano tu, akanyanyua mkono. Tukatafuta upande wa kwanza, nikaziunganisha. Katikati palibaki ukimya wa sekunde mbili, mkwaruzo wa sindano tu, nikashika kipanya niukate.

“Uache,” akasema, ameshasimama. “Hapo ndipo nilipokuwa nageuza.”