Mwewe na Ubwiri

Ndugu msomaji, yupi wa kuogopwa zaidi: anyakuaye hadharani au aharibuye kwa siri?

Mwewe anapozunguka angani, kijiji kizima humjua. Kuku huwafunika vifaranga kwa mbawa, watoto hupiga kelele, na mwenye jiwe hulirusha. Akishinda, hunyakua kifaranga kimoja akaenda zake.

Ama ubwiri unyoya, huo ni ugonjwa wa mimea. Jina lake ni la unyoya, lakini hauna kucha wala mdomo. Juu ya jani la mzabibu utaona doa la manjano tu, kama tone la mafuta. Lipindue jani, ndipo utakapouona unyoya mweupe. Kutoka hapo, upepo na matone ya mvua huyachukulia majani jirani vijimbegu visivyoonekana kwa macho. Haunyakui kitu, lakini majani hupukutika na zabibu husinyaa.

Ugonjwa huu ulitoka Marekani, ukaonekana Ufaransa mwaka 1878. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea, Alexis Millardet, alipita mashamba ya Médoc, karibu na Bordeaux, akastaajabu: mizabibu ya kando ya njia ilikuwa na majani yake, na ya ndani imepukutika. Kumbe wenye mashamba waliinyunyizia ile ya njiani mrututu na chokaa, ili wapita njia wasiibe zabibu. Kwa kumwogopa mwizi anayeonekana, walimzuia asiyeonekana bila ya kujua. Millardet akaichunguza dawa hiyo na kuitangaza mwaka 1885.

Je, nasi si hivyo? Tunalinda njiani, ndani tumeacha wazi. Mwizi wa kuku tunamfukuza kwa makelele. Msengenyaji tunamkaribisha kahawa. Hakuchukua kitu nyumbani mwetu, lakini kesho ndugu wawili hawasalimiani.

Utasema, wizi ni dhambi kubwa. Naam, wala hatumtetei mwizi. Lakini kuku aliyeibwa huhesabika na hulipwa. Heshima ya mtu ikishaliwa vipande katika vinywa vya watu, nani atailipa?

Dawa ile hulikinga jani kabla. Ubwiri ukishapenya ndani, haiponyi. Ndivyo lilivyo neno: huzuiwa kabla halijatoka.

Mwewe halaumiwi, wala ubwiri haulaumiwi, ndivyo vilivyoumbwa. Mimi na wewe tumepewa hiari. Basi, ndugu yangu, kabla hujatazama angani kumtafuta mwewe, pindua kwanza jani lako mwenyewe.