Mchango wa Mazishi au Mchango wa Uhai?



Kuna ugonjwa unaomwangusha mtu mzima ghafla. Anashika kichwa, analia kwamba hajawahi kuumwa namna hii, anatapika, shingo inakakamaa, pengine anazimia. Wengi wetu husema amerogwa. Madaktari hueleza kwamba mshipa wa damu kichwani ulikuwa umevimba mahali pamoja kama kipovu, nacho kimepasuka. Wanakiita aneurizimu.

Tiba ipo. Mwaka 1937 huko Baltimore, Marekani, daktari Walter Dandy alibana shingo ya kipovu cha namna hiyo kwa kibanio kidogo cha madini ya fedha. Tangu miaka ya 1990 wengine hutibiwa bila kufunguliwa fuvu: mrija mwembamba hupitishwa ndani ya mshipa kuanzia pajani, na kipovu hujazwa nyuzi laini za platini. Hapa Uganda, kitengo cha upasuaji wa ubongo kilianza mwaka 1969 katika hospitali ya Mulago, kilimani juu ya Wandegeya.

Lakini ugonjwa huu haungoji. Kipovu chaweza kuvuja damu tena, na hatari ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza. Damu ya mara ya pili huua wengi.

Basi tujiulize. Mtu akifa kwetu, daftari la mchango hupita jioni ileile. Turubai, sufuria, unga na maharage hupatikana. Akiwa bado anapumua, familia huhangaika peke yake kuuza mahindi ya mgao ili ipate nauli, na ikifika Wandegeya hununua dawa na chakula bila msaada. Je, ni haki maiti apewe upesi kile alichonyimwa mgonjwa?

Wengine hujibu: "Fedha zitakwisha na bado atakufa." Ni kweli, hata baada ya upasuaji wengine hufa au hubaki na ulemavu. Wala hatuwezi kulipa gharama zote. Lakini Msamaria hakuuliza kwanza kama majeruhi atapona. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akalipa alichokuwa nacho.

Kwa hiyo tunashauri kila ukanda uweke akiba ya nauli ya mgonjwa mapema, kabla mtu hajaanguka. Maombi hayazuiwi, tuombe tukiwa njiani.

Mungu atusaidie. Amina.